Habari za Ngongo Lutete, Mfungwa wa Ngandu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu wa Kibombo)

 

Mmezoea kwamba mtu akisimama mahali hapa atasema juu ya mishahara, juu ya bei ya kasiterite, juu ya deni la dukani. Mambo hayo yana siku yake, wala hatuyasahau. Leo wazee wa tawi wameniomba nieleze habari za mtu mmoja aliyekuwa askari mkubwa katika inchi hii. Akakamatwa, akafungwa, akauawa katikati ya vita. Waliomkamata hawakuwa adui zake. Walikuwa wenzake wa vita, na ushindi walioupata waliupata pamoja naye. Jina lake ni Ngongo Lutete. Alipigwa risasi kule Ngandu, kando ya mto Lomami, tarehe 15 Septemba 1893.

Najua jina hili linagawanya watu. Wako wanaosema, huyu alikuwa simba wetu. Wako wanaosema, huyu aliuza babu zetu. Naona mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa tangu nilipolitaja. Ngoja kidogo, baba. Sitamfanya mtakatifu. Hao wawili, anayemsifu na anayemlaumu, wote wanasema kweli, na mtu asiyeweza kubeba kweli zote mbili kwa pamoja hataelewa kilichotokea Ngandu.

Tuanze na asili yake. Wazungu walioandika juu yake, mmoja alimwita Mkusu, mwingine Mtetela, mwingine Msongye, mwingine Mmalela. Hapa Kibombo Wamalela na Wakusu ni majirani wa kila siku, basi mnajua wenyewe jinsi mtu anavyoweza kuwa na mjomba huku na baba kule. Alikuwa mtoto wa inchi hii iliyo kati ya Lualaba na Lomami. Angali mdogo alitekwa akawa mtumwa wa Tippu Tip.

Tippu Tip mnamjua kwa jina. Alikuwa Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa Unguja, ambaye misafara yake ilitafuta pembe za tembo mpaka katika misitu yetu. Kasongo ilikuwa mji wake. Nyangwe ilikuwa soko kubwa. Kiswahili hiki ninachosema nanyi leo kiliingia Maniema kwa njia hiyo hiyo, pamoja na mchele na maembe, na pamoja na minyororo. Mwaka wa 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimpa Tippu Tip kazi ya kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Fikirini, wandugu! Mfalme aliyewaambia watu wa Ulaya kwamba anakuja kukomesha utumwa alimlipa mshahara mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kuliko wote. Mambo ya wakubwa ndivyo yalivyo. Wanapatana kwanza, wanapigana baadaye, na katika kupatana na katika kupigana mzigo unabebwa na mtu yule yule.

Ngongo alijikomboa kwa bunduki. Alikuwa hodari katika misafara ya vita, bwana wake akaona, akampa uhuru, akampa watu, akawa nyampara, na baadaye mkubwa wa upande mzima. Akajenga mji wake Ngandu. Kazi yake ilikuwa kukusanya pembe na watu kwa ajili ya Tippu Tip, na kwa ajili yake mwenyewe. Vijiji vilivyokataa vilichomwa. Daktari mmoja Mwingereza, Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Leta wakati wa vita, aliandika kwamba milango ya boma la Ngandu ilitandikwa mafuvu ya watu chini, na kila aliyeingia alikanyaga juu yake. Baba uliyetikisa kichwa, nadhani mambo haya ndiyo uliyoyasikia kwa wazee wako. Yashike. Usiache mtu yeyote akuambie kwamba hayakuwa.

Huyo Hinde alimwona Ngongo uso kwa uso, akamweleza hivi: kijana wa miaka kama 30 tu, mwenye umbo zuri, macho makubwa na kope ndefu. Anapozungumza uso wake hautikisiki hata kidogo. Lakini mikono yake, yenye vidole virefu vyembamba, haikutulia. Ilifunguka na kufumba, ilifunguka na kufumba. Mimi maneno hayo yamenikaa kichwani kuliko habari zote za vita vyake. Mtumwa hujifunza mapema kuuficha uso wake. Mikono ni vigumu kuifundisha.

Sasa nasema juu ya Leta, yule Bula Matari wa wakati ule. Mwaka wa 1890 Tippu Tip aliondoka kwenda Unguja, wala hakurudi tena. Akamwacha mwanawe Sefu Kasongo. Leta nayo ilikuwa imefika Lusambo, juu ya mto Sankuru, ikataka pembe zote zielekee magharibi, kwa mashua, mpaka bahari yake. Sefu alitaka ziende mashariki, kwa mabega ya watu, mpaka bahari ya Unguja. Hiyo ndiyo iliyokuwa shina la vita vile. Katika vitabu imeandikwa kwamba vilikuwa vita vya kukomesha utumwa. Mimi nimesoma vitabu hivyo, nikaona kwamba watumwa waliotekwa na Leta kutoka kwa Waarabu waliandikwa kuwa askari na vibarua wa Leta kwa miaka mingi, wakaitwa watu waliokombolewa. Haya.

Ngongo alikuwa katikati ya pande hizo mbili, maana Ngandu iko njiani. Kwanza alipigana na Leta. Mwaka wa 1892 ofisa mmoja aliyeitwa Francis Dhanis akamshinda. Ngongo akapima mambo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule akafanya amani na Dhanis, akaingia upande wake na watu wake wote.

Wako wanaosema hapo ndipo alipokuwa msaliti. Alimsaliti nani? Sefu alikuwa mwana wa mtu aliyemnunua. Mtumwa aliyekwisha kujikomboa kwa damu yake hana deni kwa mwana wa bwana wake. Nasema pia hakujiunga na Leta kwa kuipenda. Aliona bunduki za Leta zinajaziwa kwa nyuma na kupiga upesi, hali gobore zao zilijaziwa kwa mdomo. Mkubwa wa vita lazima ajue kuhesabu.

Sefu alikasirika sana. Akataka Ngongo arudishwe kwake. Hapo tunafika kwenye jambo la mto Lomami, nami naomba mtulie, kwa maana jambo hili Wabelgiji walilifundisha watoto wao kwa miaka mingi, na si jambo la uwongo.

Kabla ya vita Leta ilikuwa imeweka mjumbe wake Kasongo, luteni Lippens, pamoja na msaidizi wake, sajini Henri De Bruyne. De Bruyne alikuwa kijana wa miaka 24, mwenyeji wa Blankenberge, mji wa pwani ya Ubelgiji. Vita vilipokaribia, hao wawili wakageuka wafungwa wa Sefu. Mwezi wa Novemba 1892 jeshi la Sefu lilifika ukingo mmoja wa Lomami, na watu wa Leta walikuwa ukingo wa pili. Sefu akamleta De Bruyne mpaka mtoni, aseme na wenzake habari za masikilizano. Basi akasimama pale, maji mbele yake, walinzi nyuma yake.

Ng'ambo maofisa walikuwa wamewaficha majanini askari wenye shabaha. Wakamwuliza kwa lugha yao kama anajua kuogelea. Akajibu kwamba anajua. Wakamwambia, jitupe majini, sisi tutawazuia walinzi kwa risasi. Yule kijana akakataa. Lippens amebaki Kasongo, akasema, nami siwezi kumwacha. Nikijiponya mimi, yeye atauawa. Akageuka, akarudi kwa walinzi wake kwa miguu yake mwenyewe. Tarehe 1 Desemba wote wawili waliuawa Kasongo.

Mimi simchukii De Bruyne. Jeshi alilolitumikia lilikuja kututawala na kutukatia mpira kwa fimbo, lakini mtu aliyekataa kumwacha mwenzake nampa heshima yake, awe wa rangi gani. Ninyi wachimbaji mnajua maana yake. Shimo likianza kuporomoka, yuko anayekimbia, na yuko anayerudi ndani kumvuta mwenzake. Mwaka wa 1900 watu wa Blankenberge walimjengea yeye na Lippens mnara wa ukumbusho kando ya bahari, na walifanya vema kumkumbuka mtoto wao.

Lakini nawauliza: siku ile pale mtoni Sefu alikuwa akidai nini? Jambo moja kubwa lilikuwa Ngongo Lutete. Mpeni Ngongo kwangu. Leta ilikataa kumtoa. Ikasema ni rafiki yetu, yuko chini ya bendera yetu. Wazungu wawili waliokuwa mikononi mwa adui hawakubadilishwa na yeye. Shikeni jambo hilo, maana haikupita miezi kumi Leta ikamwua yenyewe.

Vita vyenyewe sitavieleza vyote. Tarehe 23 Novemba 1892 Sefu alipigwa vibaya karibu na Lomami. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, baruti ya gobore ikalowa, na watu wa Ngongo walikuwa mbele katika kushambulia. Mwezi wa Januari 1893 akauawa Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe. Tarehe 4 Machi Nyangwe ikatwaliwa. Tarehe 22 Aprili Kasongo ikatwaliwa, na ndani ya nyumba za wakubwa askari wakakuta pembe, baruti, sukari, vitanda vizuri, na vitu vya Lippens. Dhanis alikuwa na askari wa kawaida mia chache na mzinga mmoja wa Krupp. Watu wa Ngongo walikuwa maelfu. Nani aliyejua njia? Nani aliyejua mahali pa kuvuka, na kijiji chenye muhogo, na sultani wa kuaminiwa na sultani wa kuogopwa? Waandishi wa Kizungu wamependa mno kuandika jinsi jeshi la Ngongo lilivyokula njiani. Sitayarudia mbele ya watoto. Wangalipenda vilevile kuandika ni nani aliyewafikisha Kasongo.

Mwezi wa Septemba 1893 vita havijaisha bado. Dhanis yuko Kasongo. Ngongo yuko mjini mwake Ngandu, na maofisa wachache wa Leta wako pale pamoja naye. Maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba Ngongo anawasiliana kwa siri na Waarabu, kwamba anataka kuwageuka Wazungu. Mtu mwenye adui wengi kama yeye hakukosa watu wa kwenda usiku kunong'ona. Maofisa wale wakaamini. Wakamkamata katika mji wake mwenyewe. Wakafanya baraza la vita, yaani tribinali ya askari, wakamhukumu kifo.

Angalieni tribinali ile. Waliomshitaki ni maofisa wa kituo. Waliomhukumu ni maofisa wa kituo. Waliokuwa na hofu ya kuuawa ni hao hao. Mkubwa wao Dhanis, ambaye ndiye aliyefanya amani na Ngongo, ambaye alimwona akipigana mwaka mzima, yuko safari ya siku nyingi. Hakungojewa. Kwa nini wasingoje? Mfungwa amekwisha kufungwa. Amezungukwa na bunduki. Mtu aliyefungwa hawezi kukuua wiki hii wala wiki ijayo. Haraka ile ndiyo inayonionyesha kwamba walikuwa na hofu kuliko ushahidi.

Usiku wa mwisho Ngongo alikuwa peke yake katika boloko. Hakutaka kuuawa mbele ya watu wake, katikati ya mji alioujenga, kama mwizi wa kuku. Akajinyonga. Walinzi wakamkuta bado ana pumzi. Wakamkata kamba, wakamwagilia uhai tena mpaka akazinduka. Na alipopata nguvu ya kutolewa nje, wakamtoa nje wakampiga risasi.

Nimetafuta neno la kusema juu ya jambo hilo, sikulipata. Mtu amekwisha kujiua. Mwamponya ili mumuue ninyi.

Dhanis alipopata habari ya kukamatwa kwake, alimtuma yule daktari Hinde aende mbio Ngandu kuzuia hukumu. Hinde akatembea kwa nguvu, mchana na usiku. Akafika siku mbili baada ya risasi. Ameandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka wa 1897 kwamba Ngongo alikuwa mwaminifu kwa Leta, na hakuwa mtu wa kumpendelea Mwafrika bila sababu. Karatasi ya kumponya ilikuwa njiani, wandugu. Siku mbili! Mtu wa hapa akitoka Kibombo kwenda Kindu na njia ni mbovu, siku mbili si kitu.

Nataka mpime kesi nyingine karibu nayo. Mwezi wa Januari 1895, kaskazini, upande wa Ituri, ofisa wa Leta aliyeitwa Lothaire alimkamata mfanyabiashara mmoja wa Ireland, Charles Stokes. Stokes alikuwa mtu wa safari za Unyamwezi, alijua Kiswahili, alioa huko, na aliuza bunduki. Lothaire akamhukumu usiku, akamnyonga asubuhi. Tribinali ile ile ya haraka. Lakini Stokes alikuwa raia wa Uingereza. Magazeti ya London yakapiga kelele, serikali yao ikadai, na Leta ikailipa Uingereza franka 150,000. Lothaire mwenyewe akashitakiwa Boma, kisha Brussels, akaachiliwa. Aliachiliwa, ndiyo, lakini alisimamishwa mbele ya waamuzi ajibu. Kwa ajili ya Ngongo hakuna aliyeitwa kujibu, wala franka moja haikulipwa. Dhanis alirudi Ulaya akapewa na mfalme cheo cha baroni kwa vita vile alivyovishinda pamoja naye.

Sefu naye hakuishi kuona mwaka mpya. Aliuawa vitani mwezi wa Oktoba 1893. Basi katika miezi kumi na moja wale waliogombana juu ya mto Lomami walikuwa wamelala wote: De Bruyne, Lippens, Ngongo, Sefu. Tippu Tip alizeeka Unguja, akafa huko mwaka wa 1905.

Wangali wako askari wa Ngongo, nao ndio waliofanya nisimame leo.

Mkubwa wao alipokufa, wengi waliandikwa katika Force Publique, wakapelekwa mbali na kwao, mpaka Luluabourg, inayoitwa leo Kananga. Walipewa sare, walipewa bunduki, walifundishwa kusimama mstari. Moyoni walibeba Ngandu. Juu ya hayo mshahara haukufika kama ilivyosemwa, chakula kilikuwa kidogo, na kapteni wao, Pelzer, alikuwa mtu wa kupiga. Wenye elimu ya historia wamebishana: je, waliasi kwa ajili ya Ngongo, au kwa ajili ya mshahara? Mimi nashangaa wanapotaka kuchagua. Waulizeni wafanyakazi hapa. Mtu anavumilia mshahara mdogo, anavumilia fimbo, huku anakumbuka jambo moja alilofanyiwa baba yake. Halafu siku moja posho inapungua kidogo tu, na yote yanatoka pamoja. Mkubwa wa kazi anasema, mbona wanapiga kelele kwa ajili ya kipimo kimoja cha mchele?

Tarehe 4 Julai 1895 askari wa Luluabourg wakainuka. Pelzer akauawa. Na walipokuwa na bunduki mikononi na njia zote wazi, walikwenda wapi? Wangaliweza kutawanyika porini, wangaliweza kwenda Angola. Walitembea kuelekea mashariki, kituo baada ya kituo, mpaka upande wa Ngandu. Mwezi wa Oktoba wakavivunja vikosi vya Leta karibu na mji ule alikouawa mkubwa wao, na maofisa kadhaa wa Kizungu wakaanguka pale. Aliyetumwa kuwarudisha nyuma alikuwa Lothaire, yule yule wa Stokes. Aliwashinda katika vita vikubwa, wakatawanyika, lakini hawakuisha. Makundi yao yalipigana kusini kwa miaka. Watu wa mwisho walitoka porini mwaka wa 1908, miaka 13 baada ya Luluabourg, mwaka ule ule Leta ya Leopold yenyewe ilipogeuka koloni la Ubelgiji.

Na mwaka wa 1897 Dhanis, sasa baroni, aliongoza jeshi kubwa kaskazini kwenda mpaka mto Nile. Wengi wa askari wake walikuwa watu wa kwetu huku. Wakaasi vilevile. Ndugu yake Louis akauawa katika maasi yale, na safari ya Nile ikavunjika. Nadhani usiku mmoja kule msituni baroni yule alikumbuka ile karatasi iliyochelewa siku mbili.

Wazungu waliyaita mambo haya yote maasi ya Batetela. Kwa kweli safu zile zilikuwa na Watetela, Wakusu, Wamalela, Wasongye, Waluba, na wengine waliotekwa wangali watoto wasijue tena kijiji chao. Jina moja liliwatosha wale walioandika ripoti. Sisi wengine tumelichukua jina lile tukaanza kuvutana nalo, huyu ni Mtetela kweli, huyu ni Mkusu tu, huyu ni wa ng'ambo. Mmelisikia hata hapa, katika uchaguzi, katika kugawa kazi. Wale askari walikula sahani moja miaka 13 bila kulizana kabila, sisi tunashindwa kukaa benchi moja saa mbili.

Baba yangu hapa mbele, sasa nakujibu. Hutaki asifiwe mtu aliyechoma vijiji. Simsifu. Ngongo angalihukumiwa na watu wa vijiji vile, waliofiwa, waliouzwa, wakasimama mbele yake mmoja mmoja wakataja majina ya watoto wao, mimi nisingalikuwa na neno, hata kama hukumu ingalikuwa kifo. Hakuhukumiwa kwa hayo. Leta ilijua vizuri mafuvu ya milango ya Ngandu siku ilipofanya amani naye, ikayapitia juu. Mwaka mzima ilimtumia kwa ajili ya ukali ule ule. Ilimwua kwa neno la kunong'onwa, na kwa kosa ambalo mkubwa wa jeshi lake mwenyewe hakuliamini. Waliofiwa na Ngongo hawakupata haki siku ile, na Ngongo hakupata haki siku ile. Wote walinyimwa na tribinali moja.

Sasa jambo la kazi. Kamati ya tawi imenunua daftari kubwa. Majina ya maofisa wa vita vile yameandikwa yote, na tarehe zao za kuzaliwa, na nishani zao. Majina ya askari waliotoka huku, waliopelekwa Luluabourg, waliotembea kurudi Lomami, waliofia kaskazini, hayako mahali pamoja. Lakini katika nyumba za Kibombo yako. Wako watoto waliopewa majina ya babu wa babu zao bila kuambiwa sababu. Wako mabibi wanaojua kwamba mzee fulani aliondoka na bunduki ya Leta na hakurudi, au alirudi akiwa na kovu na lugha ya ugenini. Vilevile wako wanaojua kijiji fulani kilichomwa na watu wa Ngongo, na nani aliuzwa, na aliuzwa wapi. Hayo nayo yaandikwe, katika daftari lile lile, ukurasa kwa ukurasa.

Karani atakaa hapa kila Jumamosi kuanzia saa nane, na Jumapili watu wakitoka misani. Waislamu, kama Jumamosi haiwafai, waje Ijumaa baada ya sala, tutamwambia awangojee. Wachimbaji wanaorudi kesho Kailo wamwone usiku huu huu kabla ya lori kuondoka. Hakuna malipo. Msiulizane kwanza kama habari yenu inamsifu Ngongo au inamlaumu. Mleteni bibi yenu kama miguu yake inaweza. Kama haiwezi, semeni, karani ana kinga, atakwenda kwake. Anayejua jina moja tu, na kijiji alikotoka, alete hilo.